Chembe Zaambianapo: Siku za Kwanza za Mtoto Tumboni

Mwezi huu twapenda kuzungumza juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu amelipitia wala hapana hata mmoja anayelikumbuka, nalo ni siku za mwanzo kabisa za kuumbwa kwake tumboni mwa mama. Watoto wa chuoni husoma majina ya daraja hizo, nutfa na alaka na mudgha, wakayahifadhi kabla hata mikono yao haijazoea kalamu. Lakini akija kijana wa skuli akauliza, "Mwalimu, chembe ile ya kwanza ilijuaje kwamba huku liwe jicho na kule liwe goti?" wengi wetu hunyamaza. Swali hilo ni zuri, na haifai kulifungia mlango.

Kazi yetu leo si kufasiri Aya, kwani tafsiri ina wenyewe; wala si kuitaka hadubini itoe ushahidi kwa dini, kwani dini haikungoja hadubini. Kazi yetu ni kueleza waliyoyaona wataalamu kwa majaribio yao, kisha tutazame yatutaka tufanye nini majumbani mwetu. Kwani ndani yake mna jambo ambalo laweza kumkinga mtoto asizaliwe na ulemavu, na laweza kumwokoa mama na lawama asiyoistahiki.

Yai la mama likutanapo na mbegu ya baba hupatikana chembe moja hai, ambayo katika vitabu vya leo huitwa seli. Upana wake ni kiasi cha sehemu moja ya kumi ya milimita, yaani ni nukta ambayo jicho kali laweza kuiona kwa shida. Baada ya siku moja hivi chembe hiyo hugawanyika zikawa mbili, kisha nne, kisha nane. Ifikapo siku ya 5 huwa ni tufe dogo lenye uwazi ndani yake, na siku ya 6 au ya 7 tufe hilo huanza kujishikiza katika ukuta wa tumbo la uzazi. Katika wiki ya 3 chembe hujipanga katika matabaka matatu. Tabaka la nje litatoa ngozi, na ubongo, na uti wa mgongo pamoja na neva zake. Tabaka la kati litatoa mifupa, misuli, moyo na damu. Tabaka la ndani litatoa utando wa matumbo na wa mapafu, na ini. Na moyo huanza kupiga mwisho wa wiki hiyo hiyo ya 3, ingawa wakati huo mtoto mzima hajafikia urefu wa punje ya mchele.

Basi tujiulize: zote hizi zimetoka katika chembe moja, na kila moja imerithi jeni zile zile. Chembe ya mfupa ina maagizo ya kufanya jicho, na chembe ya jicho ina maagizo ya kufanya mfupa. Kama ni hivyo, tofauti yatoka wapi?

Sisi walimu wa chuo twaweza kulifahamu jambo hili kwa wepesi. Darasani wanafunzi wote wana juzuu moja, yenye kurasa zile zile. Lakini huyu ameambiwa afungue ukurasa wa 3, na yule ameambiwa afungue ukurasa wa 20, na kwa hiyo sauti zao si moja ijapokuwa kitabu chao ni kimoja. Chembe nazo ni hivyo. Zote zina kitabu kimoja, na kila moja hufungua kurasa zake na kuziacha nyingine zimefungwa. Na anayeiambia chembe ifungue wapi, mara nyingi ni jirani yake.

Chembe haina mdomo wala sikio, lakini ina njia yake ya kupeleka habari. Hutoa nje kiasi kidogo sana cha protini fulani, na protini hiyo husafiri mpaka ikagusa chembe ya pili. Juu ya ngozi ya chembe hiyo ya pili pana protini nyingine zilizosimama kama mabawabu mlangoni, na kila bawabu humjua mjumbe wake. Mjumbe asiyejulikana hapokelewi. Akijulikana, bawabu huipokea habari na kuikabidhi kwa wa ndani, na huyo humpa mwingine, mkono kwa mkono, mpaka habari ifike katika kiini cha chembe mlimo na jeni. Hapo ndipo ukurasa mmoja hufunguliwa na mwingine hufungwa. Kisha chembe iliyopokea habari nayo huanza kutuma yake kwa jirani wa tatu. Kwa njia hii mwili wote wajengwa kwa maneno ya jirani kwa jirani.

Je, haya yalijulikanaje? Asili ya habari ni Freiburg, Ujerumani, kwa bwana mmoja aitwaye Hans Spemann na mwanafunzi wake wa kike Hilde Mangold. Wao walichunguza mayai ya wanyama wadogo wa majini wenye umbo la mjusi na ngozi laini kama ya chura. Mayai ya wanyama hao hukua nje ya tumbo la mama, na kwa hiyo mtu huweza kuyatazama tangu mwanzo hata mwisho. Vifaa vyao vilikuwa sindano za kioo zilizochongwa kwa mkono, na vitanzi vilivyofanywa kwa unywele wa mtoto mchanga. Kwa vifaa hivyo walipasua vitu ambavyo upana wake haukuzidi milimita chache.

Bibi Hilde alichukua kipande kidogo katika mimba changa ya mnyama wa jinsi moja, mahali pale ambapo chembe huanza kuingia ndani, akakipandikiza ubavuni mwa mimba changa ya mnyama wa jinsi nyingine. Mahali hapo alipokipandikiza palikuwa pa kuwa ngozi ya tumbo tu. Wengi wa wanyama wake walikufa, lakini wachache waliopona walionyesha ajabu kubwa. Penye ngozi ya tumbo ulitokea mgongo wa pili wenye mwanzo wa neva zake, hata akawa ni kama pacha aliyeungana na mwenzake tumbo kwa tumbo.

Mtu aweza kusema, kipande kile kimejikulia tu chenyewe. Lakini Spemann na Hilde walikuwa wamejihadhari na hilo. Walichagua mnyama mmoja mwenye chembe nyeupe na mwingine mwenye chembe zenye rangi nyeusi, ili zisije zikachanganyika wasijue ipi ni ya nani. Walipotazama kwa hadubini waliona kwamba sehemu kubwa ya neva za yule pacha ilikuwa ya chembe nyeusi, yaani za mwenyeji. Mgeni hakujenga nyumba peke yake. Aliwaita wenyeji, akawageuza kazi, nao wakajenga. Chembe zilizokuwa zimeandikiwa kuwa ngozi ya tumbo zilisikia habari mpya, zikawa neva. Makala yao yalitolewa mwaka 1924. Hilde Mangold alifariki mwaka huo huo kwa ajali ya moto jikoni, akiwa na umri wa miaka 25. Spemann alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1935.

Kwa miaka mingi baadaye wataalamu waliitafuta habari yenyewe: kipande kile kilisema nini? Jibu lilikuja katika miaka ya 1990, nalo halikuwa kama walivyodhani. Walidhani kwamba chembe za tabaka la nje, zikiachwa zenyewe, huwa ngozi, na kwamba kipande kile huziamrisha ziwe neva. Kumbe mambo ni kinyume. Chembe hizo zingeachwa kweli peke yake, zingeelekea kuwa neva. Zinakuwa ngozi kwa sababu jirani zao hawanyamazi, daima hutuma protini iitwayo BMP, ambayo maana yake kwao ni, "Kuwa ngozi, kuwa ngozi." Na kipande cha Hilde kazi yake ilikuwa kutoa protini nyingine, mojawapo ikiitwa nogini na nyingine kodini, ambazo huikamata ile BMP njiani isiwafikie mabawabu. Sauti ikakatika, na penye ukimya ndipo ubongo na uti wa mgongo vikaanza.

Tulizingatie hili kidogo, ndugu zetu. Asili ya ubongo, chombo tunachofikiria nacho, ni mahali ambapo makelele yalizuiwa. Mwenye kufundisha watoto atalielewa haraka kuliko wengine.

Kuna njia nyingine ya kupeleka habari ambayo yapasa tuieleze, nayo twaifananisha na chetezo cha udi. Ukifukiza udi chumbani, aliyeketi karibu na chetezo hupata harufu kali, aliye kati ya chumba hupata ya wastani, na aliye mlangoni hupata kidogo tu. Mtu aliyefumba macho aweza kwa harufu peke yake kujua ameketi mbali kiasi gani. Chembe za mtoto hufanya hivyo hivyo. Chini ya uti wa mgongo unaoanza kuumbika pana kijiti chororo kiitwacho notokodi, nacho hutoa protini ambayo hutambaa kuelekea juu. Chembe zilizo karibu sana hupata nyingi, na huwa sakafu ya uti. Zilizo mbali kidogo hupata kiasi, na huwa neva za kuamrisha misuli, hizi ambazo kwazo twainua mkono na kutembea. Zilizo mbali zaidi hupata chache, na huwa neva za namna nyingine. Protini ni moja, lakini kiasi chake ndicho kinachoeleza.

Jina la protini hiyo lina mzaha ndani yake. Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus, waliokuwa wakifanya kazi Heidelberg, Ujerumani, mwaka 1980 walieleza jeni kadhaa za inzi wadogo wa matunda. Moja katika hizo, ikiharibika, funza wa inzi huota vijinywele vigumu mwili mzima kama miiba ya kalunguyeye, basi wakaiita kwa jina la mnyama huyo. Wataalamu hao, pamoja na Edward Lewis, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1995. Ilipopatikana jeni ya namna hiyo katika wanyama wenye uti wa mgongo, mwaka 1993, mmoja wa wachunguzi aliiita kwa jina la kalunguyeye wa mchezo wa video, Sonic. Jina ni la mchezo, lakini kazi yake si mchezo, kama itakavyoonekana.

Katika miaka ya 1950 wafugaji wa kondoo wa jimbo la Idaho, Marekani, walipata msiba wasioufahamu. Kondoo wao walizaa wana wenye jicho moja tu katikati ya uso, na wengi wa wana hao walikufa. Kila mtu alikuwa na neno lake la kusema juu ya sababu. Wachunguzi wa serikali walikwenda wakakaa na kondoo malishoni, na baada ya miaka mingi walitambua kwamba ni mmea mmoja wa milimani, uitwao Veratrum californicum. Ndani ya mmea huo mna kitu walichokiita saiklopamini. Na miaka mingi baadaye, mwaka 1998, ilithibitishwa kwamba kitu hicho huizuia chembe isiisikie ile habari ya Sonic. Katika uso wa mimba changa mahali pa jicho huanza pakiwa pamoja, kisha habari hiyo hutoka chini yake ikapagawa, kulia na kushoto. Habari isiposikilizwa, mgawanyo haufanyiki, na jicho hubaki moja.

Lakini jambo kubwa katika kisa hiki ni hesabu ya siku. Kondoo hubeba mimba kwa muda wa miezi 5 hivi. Na wachunguzi waliona kwamba ulemavu ule wa jicho moja ulipatikana pale kondoo alipokula mmea siku ya 14 tangu kupandwa. Akiula baadaye sana, mwanawe hapati jicho moja. Mmea ni ule ule na kondoo ni yule yule, bali saa imekwisha pita. Kila habari katika kuumbwa kwa mtoto ina saa yake. Ikifika wakati chembe iko tayari, husikilizwa. Ikichelewa, hukuta mlango umefungwa.

Hapa ndipo twatoka kwa kondoo tukarudi majumbani mwetu.

Katika mimba ya binadamu chembe zilizosikia kwamba zitakuwa ubongo na uti wa mgongo huanza zikiwa zimetandazwa kama kipande cha manda. Kisha kingo mbili huinuka, zikakaribiana, zikagusana, zikashikana, kama mama anavyokunja sambusa na kuziba ukingo wake kwa unga. Ufungaji huanza karibu na shingo ukaenda pande mbili, kwenda kichwani na kwenda kiunoni, mpaka liwe bomba lililofungika kote. Upande wa kichwani usipofungika, ubongo haukui, na mtoto huyo haishi. Upande wa kiunoni usipofungika, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Wengi katika watoto wenye mgongo wazi hukusanya maji kichwani, hata kichwa kikawa kikubwa. Na wengi hushindwa kutembea sawasawa au kuzuia haja.

Na ufungaji wote huo hukamilika ifikapo siku ya 28 hivi tangu mimba kutungwa.

Hebu tuhesabu pamoja. Mwanamke ambaye siku zake huja kwa taratibu hutambua kwamba zimechelewa kiasi cha siku 14 baada ya mimba kutungwa. Akingoja wiki 2 zaidi ili apate yakini, bomba lile limekwisha fungika au limekwisha kushindwa kufungika. Na desturi yetu wengi ni kutokwenda kliniki mpaka mwezi wa 3 au wa 4, kwa haya au kwa kuogopa macho ya watu. Kliniki humpa vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi, na vidonge hivyo vina faida kubwa kwa damu yake, wala asiviache hata kidogo. Lakini kwa upande wa mgongo wa mtoto vimefika baada ya fundi kuondoka.

Foliki asidi ni vitamini ambayo chembe huihitaji zinapogawanyika, ili kunakili kitabu chao cha jeni. Mimba changa ambayo chembe zake zinagawanyika kwa haraka yaihitaji kuliko mwili mwingine wowote. Mwaka 1991 ilitolewa hesabu ya uchunguzi mkubwa uliosimamiwa na Waingereza na kufanywa katika nchi kadhaa, kwa wanawake ambao walikwisha kupata mtoto mwenye ulemavu wa namna hii. Waliopewa foliki asidi kabla ya kushika mimba nyingine walipungukiwa na hatari kwa asilimia 72, yaani karibu robo tatu. Tangu siku hiyo hapana udhuru wa kusema kwamba jambo hili halina la kufanya.

Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba mwanamke anayetaraji kushika mimba atumie maikrogramu 400 za foliki asidi kila siku, tangu anapoanza kutaraji mpaka zitimie wiki 12 za mimba. Mwenye kuwahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi huhitaji kiasi kikubwa zaidi, nacho hupimwa na daktari. Mwenye kisukari naye asawazishe sukari yake kabla ya kushika mimba, kwani sukari iliyozidi huharibu mambo katika wiki hizo hizo.

Chakula nacho kina sehemu yake. Foliki imo katika mchicha na mboga nyingine za majani, katika kunde, choroko, dengu na maharagwe, na katika machungwa. Lakini hupotea kwa kuchemshwa sana na kumwagwa maji yake, na mboga peke yake mara nyingi haitimizi kiasi kile. Ndiyo sababu serikali nyingi zimeamrisha itiwe katika unga. Marekani walianza mwaka 1998. Kwetu Afrika ya Mashariki, Tanzania ilitunga kanuni zake mwaka 2011, na Kenya mwaka 2012, kwamba unga wa viwandani urutubishwe. Basi baba aendapo dukani atazame pakiti kama ina alama ya kurutubishwa. Ama unga unaosagwa katika kinu kidogo cha mtaani mara nyingi hautiwi kitu, na mwenye kula huo peke yake hana budi kuutegemea ule mchicha na vile vidonge.

Kwa hiyo twasema: mafunzo haya yasingoje mimba, yafike harusini. Masomo na makungwi wetu humfundisha mwari mambo mengi ya usafi, ya adabu na ya kumtunza mume; waongeze na hili, nalo halitachukua dakika kumi. Na bwana harusi naye aambiwe, kwa sababu yeye ndiye mara nyingi mwenye fedha ya kununua vidonge hivyo, navyo bei yake si kubwa ikilinganishwa na sherehe tunazozifanya.

Neno jingine ni juu ya dawa. Mwaka 1957 huko Ujerumani ya Magharibi ilianza kuuzwa dawa ya usingizi iitwayo thalidomaidi, ikasifiwa kuwa haina madhara, na wajawazito wakaitumia kwa kichefuchefu. Watoto wakaanza kuzaliwa na mikono mifupi au bila mikono. Dawa ikaondolewa madukani mwishoni mwa 1961, baada ya kuwadhuru watoto wanaokadiriwa kupita 10,000 duniani. Nayo ilidhuru katika siku chache tu, takriban tangu siku ya 20 mpaka ya 36 baada ya mimba kutungwa, wakati mikono na miguu inapopangwa. Funzo lake ni kwamba mwanamke aliye katika umri wa kuzaa asinywe dawa yoyote, iwe ya dukani au ya mizizi, pasipo kumwuliza mwenye elimu nayo. Lakini tusivuke mpaka. Mwenye kifafa au ugonjwa mwingine wa kudumu asiache dawa yake kwa shauri lake mwenyewe, kwani ugonjwa ukimwangusha huweza kumwua yeye na mtoto. Dawa moja ya kifafa, valproeti, yajulikana kuongeza hatari ya mgongo wazi. Basi mwenye kuitumia amwendee daktari kabla ya kushika mimba, wazungumze kama iko nyingine ya kumfaa.

Sasa twafika katika jambo ambalo latuuma kuliko yote. Azaliwapo mtoto mwenye mgongo wazi au kichwa kikubwa, nyumba nyingi hutafuta wa kulaumiwa, na anayepatikana ni mama. Husemwa amevunja mwiko. Husemwa ameingiwa na shetani. Husemwa ukoo wake una laana. Waume wengine humwacha mke na mtoto wake, wakaenda kuoa kwingine. Na mtoto hufichwa chumba cha ndani, wakati dawa yake ilikuwa ni kuwahi.

Wenye kusema hayo watazame hesabu ile ya siku. Jambo lenyewe lilitendeka mama hajajua kwamba ana mimba. Lilitendeka kwa kupishana habari baina ya chembe ambazo jicho haliwezi kuziona. Jeni zilizosomwa humo zilitoka kwa baba na kwa mama pia. Na wako wanawake waliokula vizuri na kumeza vidonge vyao vyote, na bado wakapata mtoto wa namna hiyo, kwani foliki asidi hupunguza hatari, haiiondoi yote. Basi ni nani mwenye kujasiri kumnyooshea mama kidole? Mwenye kumdhania mtu uovu pasipo ujuzi amejitwika mzigo wake mwenyewe.

La kufanya ni kumchukua mtoto hospitali kubwa siku zile zile za mwanzo. Mgongo wazi hufungwa kwa upasuaji, na ukifungwa mapema hupunguza hatari ya kuingiwa na vijidudu. Maji ya kichwani hutolewa kwa mpira mwembamba unaoyapeleka tumboni. Na huko Mbale, Uganda, daktari Benjamin Warf aliendeleza njia nyingine ya kuyafungulia mkondo ndani ya ubongo wenyewe, ambayo kwa watoto wengi huondoa haja ya mpira. Watoto waliotibiwa mapema wengi wao husoma, na akili zao ni nzima. Sisi tunaofundisha twajua kwamba mtoto asiyeweza kutembea aweza kuhifadhi kuliko wenye mbio. Lililo juu yetu ni kumwekea njia ya kufika darasani na mahali pa kuketi.

Enyi vijana wetu mnaosoma sayansi, msidhani kwamba masomo haya ni ya mtihani tu. Bibi Hilde alipokishika kile kipande cha mnyama wa majini hakuwaza juu ya mgongo wa mtoto wa Tanga au wa Lamu, lakini leo elimu iliyoanza mikononi mwake ni katika mambo yanayotufahamisha mgongo huo wafanywaje. Basi someni kwa bidii, na mliyoyasoma mwaeleze mama zenu na dada zenu kwa lugha wanayoifahamu. Nanyi wazazi, yule binti atakayeolewa baada ya mfungo, au yule mkwe aliyeingia nyumbani mwaka huu, mwambieni juma hili habari ya foliki asidi na ya siku 28. Mwambieni kabla hajawa na haja nayo, kwani huo ndio wakati wake.